Kila Taka na Siku Yake

Mvua za kwanza za Novemba, miaka mitatu iliyopita, zilizikuta taka za nyumba yetu barabarani. Viroba vitatu. Nilivitoa mwenyewe Jumatatu jioni, nikavipanga ukingoni kama nilivyokuwa nikifanya wiki zote za mwaka ule, kwa sababu gari la taka mtaani kwetu Mwanga, mjini Kigoma, lilikuwa likipita Jumanne asubuhi. Usiku mbwa wakavichana. Karibu na alfajiri ikashuka mvua ya radi na upepo, na kulipopambazuka viroba vilikuwa vitupu.

Gari halikuja Jumanne ile. Lilikuwa limehamishiwa Alhamisi. Tangazo lilitolewa kwenye mkutano wa mtaa wakati mimi niko Kasulu msibani. Wapangaji wangu walipoona wiki ya kwanza halikupita Jumanne, wakasema limeharibika, na Alhamisi lilipopita wote walikuwa kwenye shughuli zao.

Anayeijua Kigoma anajua maji ya mvua yanakwenda wapi. Mji umekaa mteremkoni. Kutoka Mwanga unashuka na barabara ya Lumumba hadi stesheni ya reli, na ukifika stesheni umefika ziwani. Nilifuata mtaro kwa miguu. Hatua kama mia moja chini ya nyumba nikaikuta kanga yangu kuukuu, ile niliyokuwa nimeichana matambara, imenasa kwenye jiwe pamoja na pampasi na maganda ya ndizi. Nusu ya jina lake ilikuwa bado inasomeka. Kanga ya mtu inajulikana. Kila mwanamke aliyepita asubuhi ile alijua taka zile zimetoka kwa nani. Mama anayeuza maandazi pale chini alikuwa ameshapanga meza yake. Hakunisema. Alinisalimia tu, akasogeza ndoo yake ya unga mbali na mtaro. Nilirudi nyumbani kuchukua reki, nikaokota hadi saa 4, na bado nilichookota hakikujaza hata kiroba kimoja. Viwili vingine vilishatangulia.

Jambo lililoniuma zaidi ni ziwa. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina, na maji yake yana njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Mengine hupungua kwa jua. Kwa hiyo kinachoingia humo kinakaa. Humo ndimo tunamovua, ndimo watoto wanamoogelea, na ufukweni kwake ndiko mitumbwi inakoshusha dagaa na watu. Nilikaa na picha ile ya pampasi kichwani kwa siku nyingi.

Nyumba ninayoisimamia aliijenga marehemu baba. Ina vyumba sita na kaya tano, tunatumia uwanja mmoja, bomba moja na kona moja ya kuwekea taka nyuma ya jiko. Kabla ya mvua ile sikuwahi kufikiri kwamba siku ya taka ni kitu cha kusimamiwa. Ada ya mwezi tunalipa, gari linapita, basi. Baada ya mvua ile nikaamua kwamba tatizo ni kumbukumbu, na nikaanza kutibu kumbukumbu.

Nilimsimulia mdogo wangu anayeishi Uingereza. Yeye alinieleza kwamba kwao manispaa huwapa kalenda ya mwaka mzima. Wiki hii linachukuliwa pipa la taka za kawaida, wiki ijayo pipa la karatasi, makopo na chupa. Rangi za mapipa hutofautiana mji na mji, na Krismasi ikiangukia katikati ya wiki, siku zote zinasogea. Ukichanganya, ukaweka mabaki ya chakula kwenye pipa la karatasi, wanaweza kuliacha pipa lako limejaa. Kalenda ameibandika kwenye friji, simu inamkumbusha usiku wa kuamkia siku yenyewe, na hata hivyo, aliniambia, asubuhi huchungulia dirishani kuona jirani ametoa pipa lipi.

Nikafanya kama yeye. Nikabandika kalenda ukutani pale tunapochotea maji, nikazungushia kila Alhamisi kwa kalamu nyekundu, nikaweka kengele ya simu Jumatano saa 2 usiku. Kwa miezi miwili mambo yalikwenda. Kisha masika yakashika kwelikweli, na Alhamisi tatu mfululizo gari halikuonekana. Kengele ililia, viroba vikatoka, mbwa wakaja. Ile kalenda nyekundu ilikuwa sahihi na taka zilikuwa barabarani.

Hapo nikamkumbuka baba. Alikuwa mtu wa reli. Watu walikuwa wakija nyumbani kumuuliza treni inaingia saa ngapi, na sikumbuki hata siku moja akimjibu mtu kutoka kwenye ratiba. Alikuwa anauliza kwanza: imetoka Tabora? Imeshapita Kaliua? Imefika Uvinza? Akishajua ipo stesheni gani na imekaa hapo kwa sababu gani, ndipo anamwambia mtu nenda kalale, utaamka saa 9, au kaoge uende sasa hivi. Mimi nilikuwa na ratiba ya gari la taka, lakini sikumjua mtu hata mmoja anayepanda gari hilo.

Niliyemjua wa kwanza nilimjua kwa damu.

Ilikuwa Alhamisi, gari limekuja, na kwa bahati nilikuwa nimesimama mlangoni. Kijana alishuka, hana glovu, akakipakata kiroba chetu kwa chini ili kisipasuke. Nikamwona ameachia ghafla na kutikisa mkono. Kiganja kilikuwa kimechanwa kutoka kidole cha shahada hadi karibu na kifundo. Kioo cha chemli. Nilikuwa nimekivunja mimi Jumapili wakati wa kukisafisha, nikakikusanya na kukitia kirobani katikati ya majivu na maganda ya mihogo, wala sikufikiria kwamba kuna mtu atakikumbatia.

Nilimletea maji na sabuni, nikamfunga kitambaa safi. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa inatetemeka. Nikamwambia, "Mwanangu, kioo hicho ni changu. Nisamehe."

"Ya kawaida, mama," akasema. "Ila glasi usichanganye. Tafuta kopo la rangi au la maziwa, tia humo, ziba, kisha uniambie hili lina glasi. Nitalishika mwenyewe."

Nikamwomba namba yake ya simu, naye akanipa. Kabla hajapanda akanieleza kitu ambacho kalenda yangu isingeweza kunieleza: zile Alhamisi tatu gari lilikuwa linakwama kwenye njia ya kwenda dampo. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi njia haipitiki, na gari lililojaa taka za jana haliwezi kuja kuchukua zenu za leo. Kwa hiyo mimi nikiona mvua imekesha, nisubiri. Nikiwa na wasiwasi, nimpigie saa 12 asubuhi kabla hawajatoka.

Wiki iliyofuata nilimpelekea glovu za ngozi kutoka sokoni. Akanishukuru, lakini nilimwona mwezi uliofuata anazitumia na mwenzake, kila mmoja upande mmoja. Nikatafuta jozi ya pili.

Tangu siku ile sizitazami tena taka kama kitu kimoja chenye siku moja. Ukikaa nazo karibu unaona kila moja ina siku yake, na gari la Alhamisi linahusu baadhi tu. Mengi ya yale tuliyokuwa tukiyalundika kusubiri gari hayakuwa ya gari kabisa.

Chukua samaki. Mji wetu unakwenda na mwezi. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa zito samaki wanafuata taa na mitumbwi inarudi imejaa, mbalamwezi ikichanua taa hazina nguvu na wavuvi wengi wanapumzika siku kadhaa, wanashona nyavu. Kwa hiyo siku za giza migebuka inashuka bei, na uwanjani kwetu kaya zote tano zinapasua samaki jioni moja. Dagaa hawana taka, unakula mzima. Migebuka ina matumbo, matamvua na vichwa vya wasiopenda vichwa. Vitu hivyo vikilala kirobani kuanzia Ijumaa hadi Alhamisi, unaijua harufu yake, na unawajua funza wake. Hiyo ndiyo harufu iliyokuwa inawaita mbwa. Mimi miaka yote niliwachukia mbwa.

Dawa yake niliijua tangu utotoni, ila niliiacha Ujiji kwa bibi. Bibi alikuwa na migomba saba nyuma ya nyumba, na matumbo ya samaki kwake hayakuwa na subira ya kesho. Siku hiyohiyo alichimba shimo la kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, karibu na mgomba lakini si kwenye shina, akatia, akamwagia majivu, akafukia na kukanyaga. Mbwa hakufukua. Jioni iliyofuata mgomba wa pili, anazunguka hivyo hadi anarudi wa kwanza. Sisi uwanja wetu ni mdogo, tuna migomba mitatu na mpapai mmoja, lakini imetosha. Sasa siku za giza huwa tunachimba mashimo mapema mchana, mawili au matatu, yanasubiri. Mbalamwezi ikija hatuchimbi.

Nililiona hili vizuri zaidi mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kutoka 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi ile 3 ilikuwa migumu kwa watu wengi wa hapa na sitaki kuisema kwa wepesi. Lakini kiroba chetu kilibadilika. Kilikuwa kikavu, maganda ya maharage na mihogo na karatasi, na hata gari lilipochelewa wiki nzima hakuna aliyelalamika. Ndipo nilipoamini kwamba tulichokuwa tukiita tatizo la gari kilikuwa kwa sehemu kubwa tatizo la vitu vibichi.

Majivu nayo yana siku yake, usiku mmoja. Tunapika kwa mkaa. Mpangaji mmoja alimwaga majivu ya jioni kirobani, asubuhi kiroba kilikuwa na tundu na moshi, na ukuta wa jiko umepata doa jeusi ambalo lipo mpaka leo. Majivu yanalala kwenye karai la bati, yanapoa, kisha yanakwenda migombani au chooni.

Maganda, mabua ya mboga na mabaki ya chakula siku yake ni ileile yanapotoka, shimoni, na kwa jirani mwenye mbuzi maganda ya ndizi na viazi hayafiki hata shimoni. Watoto wake wanapita kuyaomba.

Kilichobaki kwa ajili ya gari, ukiondoa hayo yote, ni kidogo na ndicho kigumu: pampasi, taulo za kike, vifungashio vya biskuti na sabuni, viatu vilivyokufa, glasi ndani ya kopo. Pampasi huwezi kuifukia migombani ikaoza, na kuichoma ni kumchoma jirani. Chumba cha tatu kuna mtoto mwenye pumu, na moshi wa plastiki ukiwashwa hata nyumba ya pili anaanza kuhema. Sisi tulikubaliana hakuna kuchoma. Tulikuwa tunatoa viroba vitatu kwa wiki. Sasa ni kimoja, mara chache kimoja na nusu, na kiroba kimoja unaweza kukirudisha ndani kwa mkono mmoja mvua ikikuwahi.

Chupa za plastiki zina siku yao tofauti kabisa, ambayo haiko kwenye kalenda ya mtu yeyote. Kuna mnunuzi anayepita na guta, anachukua chupa za maji na soda, ndoo zilizovunjika na vyuma chakavu. Anakuja anapokuja. Mwanzoni nilikuwa natunza chupa wiki mbili, zinajaza kona, nakasirika, nazitia kirobani, na kesho yake anapita. Nikajifunza kwamba kosa ni kutunza hewa. Chupa ikimaliziwa inasuuzwa, inakanyagwa mpaka inalala, kifuniko kinawekwa pembeni maana plastiki yake si ya aina moja na ya chupa, kisha inaingia kwenye salfeti lililoning'inizwa juu, mbali na tope. Kwa namna hiyo miezi miwili ya kaya tano inakaa kwenye salfeti mbili. Niliwahi kuhesabu: chupa za nusu lita zilipita 60 ndipo mizani yake ikasoma kilo 1. Fedha yake si ya mtu kuitegemea, na bei inapanda na kushuka. Tunanunulia sabuni ya kufulia ya uwanja mzima, na watoto ndio wanaokwenda kuinunua, kwa hiyo watoto ndio wakali kuliko mimi mtu akitupa chupa.

Jambo moja alilonifundisha huyo mwenye guta: chupa yenye mchanga au mafuta ya kula ndani anaikataa au anakata uzito. Chupa zetu nyingi za Kigoma zimebeba mawese. Hizo tunazitenga kabisa. Zinarudi sokoni kubeba mawese tena mpaka zipasuke.

Mifuko ya rambo, ile ilikuwa shida kubwa zaidi zamani. Tangu ilipopigwa marufuku 1 Juni 2019 mtaro wetu umepumua, na anayesema sheria haibadilishi kitu aje nimwonyeshe mtaro ule.

Betri ndizo zinazonisumbua hadi sasa. Mdogo wangu wa kiume ni mvuvi Katonga. Enzi za karabai taka yake ilikuwa kopo la mafuta na glasi. Siku hizi wanavua kwa taa za betri, na betri ikichoka inakuja nyumbani kwa dada. Zile kubwa zenye asidi mnunuzi wa chakavu anazichukua, na ninamsihi asizimwage maji yake mtaroni kabla ya kuzibeba. Vijiwe vidogo vya tochi na redio hakuna anayevitaka. Ninavyo kwenye kopo kavu lenye mfuniko juu ya kabati, karibu limejaa. Sijavitia kirobani wala shimoni. Vitakaa hapo hadi nipate mahali.

Kuna na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi wa wote. Wengi tunaikumbuka kutokana na 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipoifanya sikukuu ya Uhuru kuwa siku ya kufanya usafi. Tangu hapo kila mwezi tunatoka na majembe na mafyekeo, na maduka yanafunguliwa tukishamaliza. Ninaipenda siku hii. Ila mtaani kwetu ilikuwa na kasoro iliyonikera: tunazoa tope na takataka kutoka mtaroni, tunazirundika ukingoni mwa mtaro huohuo, tunanawa mikono, na gari linakuja Alhamisi. Siku tano. Masika hazipiti siku tano bila mvua. Tope lote linarudi lilikotoka na Jumamosi yetu imekwenda bure. Nilisimama mkutanoni nikalisema hilo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, sauti ikinikauka maana sijazoea kusema mkutanoni. Wazee wawili wakaniunga mkono. Sasa kila kaya inachangia kidogo, guta linakodiwa Jumamosi hiyohiyo, na rundo linaondoka kabla ya adhuhuri. Tulipokosa mchango mwezi mmoja, tulirundika upande wa juu wa barabara, mbali na maji. Hata hilo lilisaidia.

Kalenda bado iko ukutani pale bombani, lakini imebadilika sura. Alhamisi zina duara jekundu. Siku za giza nimezipaka rangi kwa penseli ili wapangaji wapya wajue lini tunachimba. Chini nimeandika namba ya kijana wa gari na jina la mpangaji mwenye zamu ya kumpigia wiki hiyo, kwa sababu nikienda tena msibani kitu hiki hakitakiwi kwenda na mimi. Viroba havitoki usiku. Vinatoka saa 12 na nusu asubuhi, baada ya simu.

Alhamisi iliyopita mvua ilikesha. Saa 12 kamili simu ikaita kabla mwenye zamu hajaipiga.

"Shikamoo mama. Usitoe leo. Tumekwama tangu jana, labda kesho mchana."

"Marahaba, mwanangu. Mkono?"

"Umepona zamani, mama."

Nikatoka nje na khanga kichwani. Jirani wa kushoto alikuwa ameshavitoa viroba vyake viwili na maji yalikuwa yameanza kuvilamba. Nikamwita, akarudi mbio, tukavibeba kimoja kimoja hadi chini ya bati la jiko lake. Chini pale kwenye maandazi, yule mama alikuwa anatutazama na ufito wake mkononi. Nikampungia mkono kwamba leo hawaji. Akaitikia kwa kichwa, akageuka na kumwambia mwenye duka aliyefuata, na mwenye duka nikamwona anavuta kiroba chake kutoka ukingoni, anakirudisha ndani.